Mama Kakao: Chokoleti yangu haitibu presha

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Jua halijapata nguvu, na hiyo ndiyo saa anayoitaka. Katika chumba cha uani kilichowahi kuwa stoo ya magodoro mabovu, mwanamke aliyevaa aproni ya bluu anainamia sufuria, anachota tone la chokoleti kwa ncha ya kijiko na kuligusisha chini ya mdomo wake. Anatulia kidogo.

"Bado," anasema. "Ina joto."

Anamimina nusu ya uji huo mweusi juu ya kipande cha marumaru, anautandaza kwa mwiko bapa, anaukusanya, anautandaza tena. Anaurudisha sufuriani, anakoroga, anajaribu tena mdomoni. Safari hii anatabasamu na kuanza kujaza kalibu za kugandishia. Tone likiwa la ubaridi kidogo kuliko mdomo, chokoleti itaganda iking'aa na itavunjika kwa mlio. Akikosea hapo inapauka, na hakuna mteja anayenunua chokoleti yenye mabaka.

"Kipimajoto ninacho, kiko kwenye droo," anasema. "Lakini mdomo wangu hauishiwi betri."

Mtaani wanamwita Mama Kakao. Ana miaka arobaini na mbili, watoto wawili, na mume fundi wa mafriji aliyemuundia mashine ya kusagia kwa mota ya mashine ya kufulia. Mawe mawili mazito huzunguka ndani ya pipa la chuma kwa siku nzima na zaidi. Mwanzoni majirani walilalamikia kelele. Siku hizi ikinyamaza wanabisha hodi kuuliza kama kuna msiba.

Kazi hii aliianza miaka mitatu iliyopita, baada ya kufanya kazi miaka kumi na mmoja katika jiko la hoteli, kwanza akiosha vyombo, kisha kwenye chumba cha keki. Mbegu za kakao anazikaanga mwenyewe, anazipepeta maganda kwa ungo hapo uani, kisha anazisaga. Katika kila kilo, gramu mia saba ni kakao na mia tatu ni sukari.

"Hamna maziwa, hamna ujanja," anasema. "Kwa wiki natoa pakiti mia moja na ishirini, mikono yangu ikikubali."

Tabu ilikuwa ladha. Watu wengi walizoea chokoleti ya watoto, laini na tamu kama asali. Wakionja ya kwake walikunja uso. Wengine walitema palepale, mbele yake, bila hata kuona haya. Kwa miezi minne aliuza pakiti chache mno, nyingi kwa ndugu waliomwonea huruma.

Kisha siku moja mteja mmoja akatafuna, akakunja uso, akameza, akasema, "Chungu hivi? Hii lazima ni dawa."

Neno hilo ndilo lililoiamsha biashara. Walikuwapo waliosikia redioni kwamba chokoleti nyeusi inashusha presha, na wengine waliambiwa inasafisha damu. Kila mmoja akaongeza chumvi yake. Wakaja wenye presha, wakaja wenye maumivu ya magoti, akaja pia bwana mmoja aliyekosa usingizi.

"Mimi sikuwaambia ni dawa," anasema Mama Kakao, akigonga kalibu mezani ili mapovu yatoke. "Lakini sikukataa pia. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza."

Mara ya pili alikosea kwa utani.

Duka la dawa la jirani lilikuwa linafungwa, na mwenyewe alikuwa anauza vilivyobaki. Mama Kakao akanunua boksi zima la bahasha ndogo za dawa, zile zilizochapwa mistari ya kujaza: Jina, Vidonge, Kutwa mara. Ukubwa wake ulilingana sawasawa na kipande kimoja kidogo cha chokoleti, na bei yake ilikuwa ya bure. Akachukua kalamu, akakata neno "Vidonge", akaandika: Kipande 1, kutwa mara 1.

Watu walivunjika mbavu. Bahasha zikagombaniwa. Mtaa ukaanza kumwita Dokta, naye akaitika.

"Nilipata kichwa," anakiri. "Ukiitwa dokta na watu wazima, mara mbili tatu, unaanza kutembea taratibu."

Miongoni mwa waliopelekewa bahasha alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka saba mama yake alipofariki. Mjomba ni fundi viatu mwenye miaka sitini na nane, na presha anayo mwaka wa tisa huu. Kila Jumamosi mpwa wake alimpelekea bahasha saba, moja kwa kila siku. Alifanya hivyo kwa mapenzi tu. Alitaka mjomba naye afaidi.

Asubuhi moja, miezi mitano iliyopita, jirani alipiga simu. Mjomba alikuwa ameanguka kutoka kwenye kigoda chake, ulimi mzito, jasho linamtoka. Walipomfikisha kituo cha afya, presha ilisoma mia moja tisini na nane kwa mia moja na kumi na sita. Daktari aliuliza anatumia dawa gani, na Mama Kakao akakimbia nyumbani kwa mjomba kuzifuata.

Akalikuta kopo la dawa juu ya kabati. Akalifungua. Juu kulikuwa na bahasha zake za chokoleti, zimepangwa vizuri. Chini yake vilikuwapo vidonge vya presha, vimejaa, havijaguswa kwa wiki tano.

"Mwandiko ulikuwa wangu," anasema, na hapo anaacha kazi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Niliusoma nikiwa nimesimama pale. Kutwa mara moja. Nikakaa chini sakafuni."

Mjomba mwenyewe haoni kama alifanya ujinga. Mwandishi alimkuta kibandani kwake akishona soli ya kiatu cha shule, na alijieleza bila kuinua macho.

"Vile vidonge vilikuwa vinanipeleka chooni kila saa. Hii yake haikunipeleka popote," anasema. "Kidonge, kutwa mara moja. Kipande, kutwa mara moja. Vyote vimeandikwa presha yangu ipone. Nikachagua."

Alipoambiwa kwamba ulikuwa utani, alichomoa sindano, akamtazama mwandishi.

"Bwana wee, mimi nilisoma, si kwamba sikusoma. Mtu akuandikie kutwa mara moja kwenye bahasha ya dawa, wewe useme anatania?"

Daktari aliyemtibu, mama mmoja mwenye sauti ya upole, haikashifu chokoleti. Anasema hata yeye huila.

"Kakao ina viini vinavyoweza kusaidia mishipa ya damu kulegea. Tafiti zipo, na baadhi zimeonyesha presha inashuka. Lakini inashuka kidogo, kidogo sana, na si kwa kila mtu," anaeleza. "Chokoleti yenyewe ina mafuta na sukari. Kipande kidogo kwa anayekipenda, sawa. Lakini kuacha vidonge ukashika chokoleti, hapana. Yule mzee alibakiza kidogo apooze."

Wagonjwa wanaobadilisha dawa kwa kitu walichoambiwa na jirani, anasema, huwaona karibu kila wiki. "Na mara nyingi kitu chenyewe ni kichungu. Watu wetu wakionja uchungu, wanaamini tayari."

Mjomba alilazwa siku nne. Alipotoka, Mama Kakao alizitia bahasha zote zilizobaki kwenye jiko la mkaa. Kisha akafunga kazi na kuzunguka mtaani siku tatu, nyumba kwa nyumba, kwa kila mteja aliyemjua ana presha. Aliwakuta wengine wawili waliokuwa wamepunguza vidonge. Mmoja wao, mama mwuza mboga, alimjibu kwa hasira: "Sasa wewe Dokta unataka tufe?" Ilibidi aketi naye kwa muda mrefu, akimweleza tena na tena.

"Aibu niliyoiona siku zile sitaisahau," anasema. "Lakini bora aibu."

Mauzo yalishuka karibu nusu. Waliotaka dawa walikwenda kuitafuta kwingine, na baadhi walinong'ona kwamba amenunuliwa na wenye maduka ya dawa.

Ni katika kipindi hicho mwenye duka kubwa la vyakula alipomwita. Alikuwa tayari kuchukua pakiti mia nne kila mwezi. Sharti lilikuwa moja, juu ya karatasi paandikwe kwamba inashusha presha. Mama Kakao alipokataa, bwana yule alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Dada yangu, wewe una mikono ya dhahabu," anamkumbuka akisema. "Basi usiandike 'inashusha'. Andika 'husaidia'. Neno dogo tu hilo, na si uongo."

Aliomba siku moja ya kufikiri. Nyumbani, mumewe alikuwa ameshaanza kuchora mashine ya pili nyuma ya kalenda. Pakiti mia nne zingeilipia kabla mwaka haujaisha. Walipokaa mezani, mumewe akauliza, "Mjomba akilisoma hilo neno atafanyaje?"

Asubuhi alirudi dukani na karatasi yake mwenyewe, iliyochapwa kwa herufi nyeusi: Chokoleti nyeusi. Chungu kiasi. Haitibu ugonjwa wowote. Mwenye duka alicheka hadi akafuta machozi, akamwita mhasibu wake naye aje aione. Kisha akachukua pakiti thelathini, akasema anachukua kwa sababu ya kicheko.

"Zile thelathini ziliisha," anasema Mama Kakao. "Akachukua thelathini nyingine. Hakucheka tena, lakini mia nne hajazitaja."

Mpango wake sasa ni mdogo na anausema bila kuona haya. Anataka kutoa meza mbili hapo uani, chini ya bati, na kopo la maji ya baridi. Mtu aje, aketi, ale kipande, wazungumze habari za watoto, aondoke.

"Aondoke bila kunitajia presha yake," anasema. "Nimechoka kusikia namba za watu."

Saa nne mlango wa uani unagongwa. Ni mjomba, amevaa shati lililopigwa pasi, anatoka kituo cha afya kupimwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Daktari amefurahi leo. Kasema hata kipande kidogo naweza kula, nikitaka."

Mama Kakao anafuta mikono kwenye aproni. Kwa miezi mitano hajampa mjomba wake chokoleti, hata punje. Anauliza kama amekunywa vidonge asubuhi, na mjomba anaapa amekunywa. Anauliza tena. Mzee anatoa kasha la vidonge mfukoni na kumwonyesha pengo la leo.

Ndipo anapochukua kipande kilichoganda asubuhi, anakivunja katikati, anampa nusu. Mjomba anaketi kwenye stuli, anakiweka ulimini, anafumba mdomo. Muda unapita. Nyusi zinapanda.

"Hii umeibadilisha?"

"Ni ileile."

"Haiwezekani. Hii kwanza chungu, halafu inakuja kama zabibu. Halafu kama kitu kilichokaangwa." Anamumunya tena. "Ileile niliyokuwa nakula?"

"Ileile, mjomba."

Mzee anatikisa kichwa, anacheka peke yake.

"Kumbe! Mimi nilikuwa naimeza nzima na maji, pua nimeziba. Si dawa? Nani anamumunya dawa?" Analamba kidole. "Mpwa wangu, kumbe ni tamu."

Mama Kakao anashika ukingo wa meza ya marumaru na kuangalia pembeni. Machozi yanamtoka na hayafichi.

"Miaka mitatu," anamwambia mwandishi, "watu wote huniambia imewasaidia. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia ni tamu."