Mtoto wa Lita Saba

Nywele za shangazi yangu Rustika zilipokwisha, alijifunga kichwani shali ya manjano ya kufunikia kichanga. Nyumbani kwetu Isevya, mjini Tabora, vilemba vipo, na mama alimnunulia vingine viwili vizuri, lakini yeye alikuwa anavikunja na kuviweka chini ya mto. Alikwenda na shali ile kanisani. Alikwenda nayo Mwanza kwenye dripu za saratani, mara nne, na wauguzi wakamzoea wakawa wanamwita Mama Kichanga. Akawa anacheka nao. Mimi nilidhani ni baridi.

"Shangazi, hiyo si ya mtoto?"

"Ni ya mtoto. Nina mtoto mimi, hujasikia? Ulyankulu yote imesikia."

Ndipo nikaanza kuuliza, na nikiuliza huwa siachi.

Shangazi ni mkulima wa tumbaku na mahindi kijijini Ulyankulu, mjane tangu Silasi mumewe afariki miaka sita iliyopita. Binti yake ni mmoja tu, Jeska, ameolewa hukohuko. Nyumba ya shangazi na ya bibi, mama yake mzazi, zilitazamana, uani katikati kuna migomba. Bibi alifika pale mwaka sabini na mbili, akitembea kwa miguu kutoka Burundi na mimba ya baba yangu tumboni, na alikuwa mtu wa heshima sana. Alikuwa anasema heshima ndiyo kitu pekee alichovuka nacho mpaka.

Novemba ya mwaka jana tumbo la shangazi likaanza kuvimba. Mwili wenyewe ulikuwa unakonda, mashavu yameingia ndani, ila tumbo linakuja mbele. Alitanua gauni la kanisani mara mbili. Alikuwa akila vijiko vitatu anashiba, na usiku hapati pa kulalia. Alikuwa ameshapanga kwenda zahanati. Kilichomzuia ni Mama Pelagia, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, jirani wa nyumba ya nne.

Pelagia alisema mjane ana mimba. Alianza kwa kuuliza tu, kwa sauti ya huruma, pale kisimani: "Jamani, Mama Jeska mmemwona? Tumwombee." Kufika Krismasi mimba ilikuwa na baba, na baba alikuwa mpima tumbaku mmoja aliyepita msimu ule. Shangazi akaondolewa kwenye kwaya. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa akawa anajificha ndani na kuchota maji gizani, na zahanati akaiogopa, kwa sababu benchi la zahanati ndipo wanapokaa wote wanaocheka.

Januari Pelagia akamtuma mjukuu wake na kikapu. Ndani karanga, na juu ya karanga ile shali ya manjano, kaifuma mwenyewe. "Bibi kasema ni ya mgeni wako."

Shangazi aliipokea. Aliniambia kwamba alitaka kuitia motoni, akafika mpaka jikoni, halafu akaona hapana, kitu hiki kina mwenyewe, kitarudi kwake.

Mpaka hapo ningesema ni umbea wa kijijini, upo kila mahali. Lakini bibi naye aliamini. Miguu ya bibi ilikuwa imeshakataa kutembea, habari zote zilimfikia kitandani, na aliyekuwa anakuja kumsalisha rozari kila Jumanne ni huyohuyo Pelagia. Bibi akaacha kula chakula kilichopikwa na bintiye. Shangazi alipiga magoti mlangoni akaapa kwa jina la marehemu mumewe, bibi akageukia ukutani. Februari akafa. Neno la mwisho alilomwachia mwanawe lilikuwa, "Na tumbo hilo usinisogelee kaburini."

Shangazi alilitii. Siku ya maziko alisimama nyuma ya migomba. Kila mtoto wa bibi alitia udongo kaburini, na wajukuu pia, hata mimi, isipokuwa yeye. Niliona kitenge chake kati ya majani nikadhani anaumwa kichwa.

Baba yangu, Jonasi, ndiye aliyemtazama vizuri baada ya matanga. Alisema mimba gani hii inayomla mama mtu mabega. Akamleta Tabora, hospitali, akapigwa picha ya tumbo. Daktari alizungusha kile kifaa tumboni kwa muda mrefu, akauliza, "Mama, ulikuwa unategemea nini humu?" Hapakuwa na mtoto. Palikuwa na maji, na uvimbe kwenye mifuko ya mayai ya uzazi, ile wanayoiita ovari. Maji waliyatoa kwa mrija, siku mbili, polepole. Shangazi alimwomba muuguzi asiyamwage kabla hajayaona na kujua kiasi chake.

Lita saba.

"Zikumbuke," aliniambia. "Wewe una kichwa cha shule."

Tangu hapo nilijua anachokitaka. Kupona alikutaka, ndiyo, alimeza kila walichompa na kutapika na kumeza tena, lakini kupona kulikuwa mikononi mwa madaktari. Hili lingine lilikuwa lake. Pelagia amwambie bibi kwa mdomo uleule kwamba alisema uongo. Na bibi yuko kaburini.

"Kumwambia marehemu unamwambiaje, shangazi?"

"Siku ya kuganduka."

Kuganduka ndiko sisi watu wa asili ya Burundi tunakofungia msiba, miezi kadhaa baada ya maziko. Ukoo na majirani wanakusanyika, pombe ya mtama inatengwa katikati ndani ya chungu, inanywewa kwa mirija, na kabla mtu hajaigusa mkubwa wa familia anauliza mara tatu: mwenye kitu cha marehemu au neno na marehemu alitoe. Tunahesabu kwamba marehemu bado yupo pale anasikiliza. Mrija wa kwanza ukishaingia chunguni, basi, amekwenda, na lisilosemwa halisemwi tena milele. Siku ya bibi ilipangwa mwisho wa Juni. Upasuaji wa shangazi, wa kuutoa ule uvimbe kule Mwanza, ulipangwa siku tisa baadaye.

Mei, kati ya dripu ya tatu na ya nne, Jeska akajifungua mtoto wa kike, akaitwa Niyokwizera. Shangazi alikuwa kwetu, vidole vimekufa ganzi, hata kikombe kinamponyoka, mdomoni kila kitu kina ladha ya misumari. Alipopigiwa simu alicheka mpaka akalia. Kisha Jeska akasema, "Mama, ile shali ya manjano si uniletee? Kuna baridi huku."

"Mwanangu, nitakununulia kumi. Hiyo ina mwenyewe."

Wiki hiyo darasa letu lilikuwa limekwenda Kwihara kuona tembe, ile nyumba ya kale ya udongo, na njia ya misafara ya zamani. Nilimsimulia kwa sababu alipenda nimsimulie anapokuwa hawezi kulala. Nikamwambia mwalimu alitueleza kuhusu wapagazi, kwamba mtu alibeba meno ya tembo kutoka huku mpaka pwani na hatui mpaka msimamizi aseme tua.

"Na mwenye mzigo alikuwa anabeba nini?"

"Fimbo tu, labda."

"Basi mimi nimekuwa mpagazi wa Pelagia tangu Novemba. Niletee dumu la lita kumi."

Kwa kweli lile dumu alikuja kulichukua kwa Jeska, tulipofika Ulyankulu, siku moja kabla ya kuganduka. Mimi ndiye niliyelijaza. Nilipima kwa kopo la lita moja, mara saba, yeye amekaa kwenye kigoda ananihesabia. Kifuniko pia nilikifunga mimi. Sikukikaza sana, na sitajifanya kwamba nilisahau.

Siku yenyewe watu walijaa ua mzima mpaka kwenye migomba. Babu Dismasi, shemeji yake bibi, alikaa mbele ya chungu na fimbo yake. Pelagia alikaa mkekani karibu naye, sare ya kanisa imepigwa pasi, kwa sababu yeye ndiye aliyesalisha. Alikuwa amemkumbatia shangazi wakati wa salamu na kumwambia, "Pole na ugonjwa, Mama Jeska, tunakuombea sana." Shangazi akajibu, "Najua mnavyoomba."

Babu akauliza mara ya kwanza. Mzee mmoja akarudisha jembe la bibi aliloazima miaka mitatu nyuma, watu wakamtania kwamba limeshaisha nusu. Akauliza mara ya pili. Mama mmoja akasema bibi alimzalisha mwanawe wa kwanza na hakuwahi kumshukuru vizuri, akashukuru.

Shangazi akatoka ndani. Kichwa kiko wazi, kinang'aa, hakina hata unywele, na mikononi amebeba kitu kimefunikwa shali ya manjano, kimeegemezwa begani kama kichanga aliyelala. Watu wakaguna kwa upole. Wote walijua Jeska amejifungua. Na huku kwetu hakuna mama anayekataa mtoto akipewa.

Alipiga magoti mbele ya Pelagia. "Mama Mwenyekiti, nipokelee."

Pelagia alitandaza mikono kwa tabasamu. "Eeh, lete mjukuu wetu tumwone."

Akapewa. Mikono ikashuka mpaka mapajani.

"Mbona mzito hivi?"

"Ni lita saba," shangazi akasema. "Ndiye yule mtoto. Walimtoa tumboni mwangu kwa mrija, hospitali. Shali si unaikumbuka, ulimfumia mwenyewe."

Pelagia alifunua ncha ya shali akaona plastiki ya dumu. Alitaka kuliweka chini, akawatazama watu, akashindwa. Ua mzima ulikuwa unatazama mikono yake.

"Mama Jeska, hapa ni msibani."

"Ndiyo maana. Mama yangu yuko hapa leo, kesho hayupo. Mwambie."

"Nimwambie nini? Mimi nilisikia kwa watu."

"Kwa nani? Watu wote wa kijiji wako hapa. Nionyeshe mmoja."

Pelagia alitazama huku na huku. Wale aliokuwa anacheka nao kisimani walikuwa wanachunguza kucha zao. Nyuma kabisa bikizee mmoja akasema, "Mtoto analia njaa huyo, mnyonyeshe basi," na kicheko kikapita uani kama upepo. Mimi nilicheka kuliko wote. Baba alinikata jicho, lakini na yeye midomo ilikuwa imembana.

Maji yalikuwa yameanza kuchuruzika. Doa lilitokea kwenye sare, pale mapajani, likakua.

Babu Dismasi hakumsaidia. Aliweka mkono kwenye chungu, akasema taratibu, "Nauliza mara ya tatu, halafu tunafunga. Mwenye neno na marehemu."

Nilimtazama shangazi magotini, dripu zile zimemmaliza nguvu, nikajua mrija ukiingia kabla hajasikia lile neno, ataupeleka Mwanza mzigo uleule juu ya kitanda cha upasuaji.

"Mama," Pelagia akasema, macho kwenye shali. "Nilikwambia Rustika ana mimba. Hakuwa nayo."

"Huku nyuma hatusikii," akasema bikizee.

Akarudia. "Hakuwa na mimba. Nilisema uongo."

"Mwambie alikuwa na nini," shangazi akasema.

"Alikuwa mgonjwa."

"Tena."

"Alikuwa mgonjwa, mama. Mimi ndiye niliyemwita malaya."

Babu akatumbukiza mrija.

Pelagia alinyoosha mikono kumrudishia. "Haya, pokea." Shangazi alikuwa ameshasimama, amemshika mkono baba, anaondoka. "Ni wako," alisema bila kugeuka. "Mimi nimembeba miezi minne, zamu yako."

Hakupata pa kuliweka. Kila aliyemsogelea alikunja mikono kifuani. Mwisho akaondoka nalo, njia ya katikati ya mashamba ya tumbaku yaliyokwishavunwa, shali begani, na nyuma yake mstari wa matone kwenye vumbi, moja kwa moja mpaka nyumba ya nne. Watoto waliufuata mstari ule mpaka mlangoni kwake wakiimba wimbo wa kubembeleza. Hakuna aliyewaita warudi.

Shangazi alikwenda kaburini. Nilimshika kiwiko. Aliinama, akachota udongo kwa mkono wa kulia, akautia, akachota tena.

"Sioni kama ninaushika," alisema. "Vidole havisikii. Niambie kama umeingia."

"Umeingia, shangazi."

"Mama, ni mimi. Nimekuja bila tumbo."

Baba alimwuliza usiku ule kama sasa amemsamehe mwenzake. Shangazi alikuwa amempakata Niyokwizera, mtoto wa kweli, ananusa kichwa chake. "Kaka, nani kakwambia habari za kusamehe? Nilitaka abebe. Amebeba."

Jumamosi iliyofuata tulipanda basi la Mwanza, mimi na yeye na begi lake, kichwani amefunga kilemba kipya cha mama. Hatujafika Nzega simu ikaita kidogo, ujumbe. Nilimsomea mimi kwa sababu macho yalikuwa yanamchoka. Ulitoka kwa Pelagia. Alimtakia upasuaji mwema, alisema hapati usingizi, na aliuliza afanye nini na ile shali.

Shangazi alitazama nje, mahindi makavu yanapita. Nilimwuliza nijibu nini.

"Mwambie shali akae nayo. Dumu alirudishe, ni la Jeska, anachotea maji."