Kompyuta ya Chini ya Kaunta

Kila bodi ya kompyuta aliyoishika, fundi wa Ukunda aliipangusa ukingo kwa kidole gumba, akaipuliza, kisha akairudisha polepole kwenye mfuko wake wa plastiki. Christabel, karani wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni Diani, alikuwa amekuja mara ya tatu kutafuta kompyuta ya kukaa chini ya kaunta, na bosi aliitaka Jumatatu.

“Fundi, nipe tu hilo kasha dogo na bodi yoyote!”

“Bodi yoyote haiingii katika kasha hilo, dada yangu,” alijibu, kwa upole uliomkera Christabel kuliko tusi. “Na ikiingia, feni itapumulia wapi?” Akakata kadibodi, akaikunja kwa kipimo cha kasha, akaibandika gundi. “Kaiweke hii kwanza chini ya kaunta. Uniambie itagusa wapi.”

Christabel aliondoka amefura. Kazini alipiga magoti nyuma ya kaunta, akaisukuma ile kadibodi ndani kwa nguvu, nayo ikakwama kwenye bomba la maji ambalo hakuwahi kuliona. Asubuhi alirudi dukani na kadibodi iliyobonyea, maneno makali yakiwa tayari mdomoni. Fundi aliipokea kwa mikono miwili.

“Pole kwa safari,” alisema. “Afadhali imebonyea hii, si kompyuta.”