Mwisho wa Wimbo wa Bibi

Nikiwa mwanafunzi Guangzhou, mwalimu wetu wa isimu alimgawia kila mmoja neno la Kiingereza achimbue asili yake. Mimi niliangukiwa na troubadour, jina la waimbaji waliotangatanga kwenye makasri ya Ulaya ya kale. Nikakuta wataalamu hawaelewani. Wengi wanasema limetoka kwenye kitenzi cha watu wa kusini mwa Ufaransa, maana yake kukuta au kupata kitu. Wachache wanalivuta hadi kwenye Kiarabu, tarab, ndugu wa taarabu yetu. Mimi mtoto wa Tanga, moja kwa moja nikaegemea hao wachache.

Jumamosi moja nilikwenda Kangle, mtaa wa mafundi cherehani mjini humo, kumkalimania mama mmoja wa Mwanza aliyekuwa anashonesha magauni ya kusafirisha. Alipokuwa akikagua mishono, nikasikia zeze uchochoroni. Ulikuwa wimbo wa bibi yangu, aliouimba akipepeta mchele, na siku zote aliukatisha mahali pamoja akisema mwisho wake haujui. Sikuwahi kuusikia kwa mtu mwingine.

Nikatoka mbio. Mzee wa Kichina alikuwa amekaa kwenye kigoda, katikati ya marobota ya vitambaa. Akafika pale bibi anapokomea, akaendelea. Akaumaliza.

"Mzee, umejifunza wapi wimbo huu?" nikamuuliza kwa Kichina.

"Sikujifunza. Niliukuta," akasema, wala hakuinua macho.

Nyuma yangu yule mama akauliza, "Mwanangu, mbona umepauka hivyo?" Yeye alisikia vyerehani tu.

Jioni nilimpigia bibi simu, nikamwimbia ule mwisho.

"Huo wa mama yangu," akasema. "Alikufa sijaushika wote. Nani kakupa?"

Nikamweleza.

"Ulimshika mkono?"

"Hapana, bibi."

"Kamshike. Mzimu hauna joto."

Kesho yake nikarudi. Alikuwepo. Nikampa mkono, wake ulikuwa mkavu, una joto kama wa mtu yeyote. Nikamwomba aupige tena.

"Huo sina tena," akasema, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Unao wewe."

Nilipompigia tena, bibi alifurahi mno kusikia ule mkono ulikuwa na joto. Akataka nimwimbie tena, nami nikamwimbia, nimejibanza kwenye ngazi za bweni.