Sarafu za Marehemu Kaka

Kazi yangu ni kuhamisha sarafu za kidijitali za watu kutoka kwenye kufuli za zamani kwenda kwenye kufuli mpya, kabla kompyuta za kwantamu hazijakomaa. Zikikomaa, zitaweza kukokotoa ufunguo wa siri wa mtu na kusaini muamala kana kwamba ni yeye. Wateja wako mbali. Mimi niko mtaa wa Mbugangari, chumba cha nyuma katika nyumba ya kaka yangu, na umeme ukikatika wananiona mvivu.

Kaka alifariki ghafla mwaka jana. Sarafu zake naziona kwenye skrini, zimetulia palepale, na siwezi kuzigusa. Maneno ya siri yanayozifungua hakuyaandika popote. Nilimsihi, akanicheka.

"Mi siandike. Tulipokimbia vita Masisi karatasi zote zilibaki, hati ya shamba, diplôme ya baba. Kichwa ndiyo nilivuka nayo."

Ningembishia nini? Nami nilivuka mikono mitupu, nimemshika shati.

Mchana mmoja mjane wake aliniletea sahani ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, akasimama nyuma yangu akitazama skrini.

"Shemeji, we unahamisha ya watu kila siku. Ya batoto yangu je?"

"Siwezi. Sina maneno."

"Donc hiyo mashine ya kwantamu ikikuya, itafungua?"

"Itafungua."

Uso ukamng'aa. "Sasa si tuombe ikuye mbio?"

"Itamfungulia mwenye mashine, shemeji. Si sisi."

Akaketi kitandani. Nilijiona bure kabisa, mtaalamu mzima. Na sikuthubutu kumwambia lililobaki: wenzangu tunaoutunza mtandao wa sarafu hizi wameamua kwamba sarafu zitakazokuwa hazijahamishwa siku ya mwisho zifungwe kabisa, zisiibwe. Programu ya kuzifunga nimepewa mimi niandike. Sheria ni msumeno, na hoja yao ni sahihi, ndiyo maana inaniuma.

Tangu siku ile, kila Jumapili akitoka kanisani ananiletea neno. Nimemweleza mpaka nimechoka kwamba maneno yenyewe ni kumi na mawili, ya Kifaransa, na kaka hakuyachagua. Kompyuta yake ilimchagulia ovyo ovyo. Ananisikiliza vizuri, kisha Jumapili anakuja na jingine.

Juzi alileta jina la ng'ombe waliyemwacha Masisi, ambalo kaka alikuwa akiliita usingizini.

"Jaribu hiyo. Hiyo hakusahau."

Nilificha programu niliyokuwa nikiiandika, nikafungua kisanduku cha maneno ya siri, nikaandika. Kikawa chekundu: neno halimo.

"Umeandika muzuri?"

Nikafuta, nikaliandika tena polepole, herufi moja moja, ili aone.