Mtani Aliyeuza Sauti ya Bibi

Juzi nilishuka Tabora kwa treni, nikapita mtaa wa Isevya kuitazama nyumba yetu ya zamani. Chumba cha uani, kile chenye dirisha linalotazama barabara ya nyuma, siku hizi ni duka la vipuri vya pikipiki. Kijana wa dukani akaniuliza natafuta nini. Ningemwambia nini, rafiki yangu? Kwamba humo ndani ulitengenezwa mchezo uliochezwa nchi nzima? Angenicheka.

Nilikuwa darasa la sita mtani wetu alipokiomba chumba kile. Alikuwa Mzaramo, mtoto wa jirani yetu mfanyakazi wa reli, amerudi kutoka Dar es Salaam alikosomea kompyuta. Nasi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu mababu zetu walipopita kwao na mizigo kichwani kwenda pwani. Bibi akampa chumba bure. Baba alipotaka waandikishane, bibi akamjia juu: "Ukiandikishana na mtani, utani umekufa."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa msafara, unachezwa kwenye mtandao wa kijamii. Wewe ni mpagazi, unatoka Tabora na mzigo, ukichoka unawaita rafiki zako wa mtandaoni wakupokee. Kila ukifika kambini unasikia sauti ya bibi yangu ikikusalimu kwa Kinyamwezi: "Mwangaluka, mjukuu wangu. Tua mzigo, unywe maji." Siku ya kuirekodi uani palikatazwa hata kutwanga.

Kazi yangu ilikuwa kuwapelekea vijana wa chumbani michembe ya kuchemsha, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na nilichelewa kurudi makusudi. Mle ndani mlinuka waya za moto na chai ya tangawizi. Watu wa Mwanza, wa Mbeya, hata walioko Ulaya, waliandika: shikamoo bibi. Mimi nasoma, bibi anaitikia marahaba, mmoja mmoja, asimruke mtu, huku ugali unapoa. Mtani akipita humwita "mke wangu," naye humjibu, "Mwizi wangu, umeshiba?" Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha watu wakahamia kwenye simu za kupangusa na michezo mingine. Mtani akauuza mchezo kwa kampuni moja ya Dar es Salaam, pamoja na sauti na vyote vilivyomo, asituambie neno. Tulijua siku alipokuja na gari kuchukua kompyuta. Wenye mchezo wapya wakaweka malipo: hutui mzigo mpaka ulipe. Sauti ya bibi inakukaribisha maji, papo hapo unadaiwa pesa. Watu waliokuwa wakimwamkia wakaanza kumtukana. Niliacha kumsomea. Baadaye mchezo ukazimwa kabisa.

Baba akampigia mtani simu. Mtani akacheka sana. "Nyie Wanyamwezi bwana, kazi yenu kubeba tu! Anayeuza ni mwenye mzigo." Nilimchukia tangu dakika ile. Bibi akasema, "Mwacheni, ananitania." Akashikilia hivyo mpaka alipofariki.

Kwetu mtani ana kazi yake msibani. Huvaa kanga ya marehemu, huigiza alivyotembea na alivyofoka, hujilaza mlangoni kuzuia jeneza mpaka apewe kuku, na wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka. Mtani wetu alikuwa amepelekewa habari za msiba wa bibi. Baba akamfunga jogoo miguu, akamweka karibu na mlango. Tukasubiri. Katekista akatazama saa, akatazama tena. Ndipo ujumbe wa mtani ukaingia kwenye simu ya baba, naye akausoma kwa sauti, uso umeshaanza kucheka:

"Poleni sana familia kwa kuondokewa na mama yenu mpendwa. Mwenyezi Mungu awatie nguvu katika kipindi hiki kigumu."

Baba akashusha macho kutafuta mzaha uko wapi. Haukuwapo. Ni maneno ya kumwandikia mtu baki, na hapo sote tulielewa kwamba hata siku ile ya simu hakuwa akitania.

Nimeitafuta sauti ya bibi mtandaoni mpaka nimechoka, haipo. Mchezo nausamehe, michezo hufa. Ujumbe ule siusamehe.

Baba akainama, akamfungua jogoo kamba. Tukanyanyua jeneza, likatoka mlangoni bila mtu wa kulizuia.