Fundi Paulina na Sakafu ya Warumi

Paulina, ambaye mafundi wote wa Masasi humwita Mama Cecil, ametandika vigae kwa miaka ishirini na miwili, na haamini sakafu yoyote kabla hajaigonga. Amewahi kuona nyumba Newala inang'aa siku ya kuhamia, halafu mvua za pili vigae vinabanduka kama magamba. Kwa hiyo parokia rafiki ya Italia ilipomwalika, kwa kuwa yeye ndiye aliyetandika sakafu ya kanisa la kwao Lukuledi, kisha wenyeji wakampeleka kutazama jumba la kale la Warumi, aliingia amekunja uso.

"Sakafu hii ina miaka elfu moja na mia saba," alisema mtembezaji wa wageni. Sista Violet, mtawa kijana wa kutoka Ndanda anayesoma hukohuko, akatafsiri.

"Mwanangu Sista, hapo wametuona washamba."

"Mbona imeandikwa pale ukutani, Mama Cecil?"

"Hata mfuko wa saruji feki una maandishi."

Walisimama kwenye daraja la chuma. Sakafu ilikuwa chini yao, maelfu ya vijiwe, kila kimoja kidogo kuliko ukucha, vimepangwa vikawa zabibu, mbwa, mtoto anayekimbia. Kisha Paulina akamwona kanga. Kanga yuleyule wa madoadoa anayechakura mashamba ya kwao. Shaka ikazidi. Nani alimwonyesha Mrumi kanga?

Akachuchumaa, akakazia macho hadi wageni wengine wakatangulia, akabaki na Violet na mtembezaji. Mwilini mwa ndege vijiwe havikulingana. Fundi alikuwa amekata kila kimoja kufuata mkunjo wa bawa. Vya miguuni vilinyooka kama vimetoka mashineni.

"Mwambie hii si kazi ya mkono mmoja."

Mtembezaji akatabasamu kwa adabu, akajibu kwamba yote ni ya kale.

"Basi aniitie mkubwa wake." Paulina hakubanduka.

Akaja mama mmoja mwenye mvi, Ida, msimamizi wa ukarabati. Alisikiliza, akainama, akatazama pale kidole cha Paulina kilipoelekea. Ni kweli, alisema. Miguu ile ilitandikwa upya miaka sitini iliyopita, na picha zipo ofisini. Mtembezaji akawa mwekundu hadi masikioni. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Ida akamruhusu Paulina avue viatu ashuke. Akagonga taratibu kwa kifundo cha kidole. Penye miguu ya kanga sauti ikarudi nyepesi.

"Chini ni patupu. Saruji imeachana na chokaa ya zamani. Mkipaacha hivi, atang'oka kanga mzima."

Ida aliomba arudie, akaandika. Paulina akaendelea kugonga, bawa, shingo, kisha kona ya giza nyuma ya mlango, ambako fundi angeweza kulipua kazi asijulikane. Kote kulijibu kwa uzito wa mwamba. Akalaza kiganja pale konani.

"Fundi huyu hakuwa mwizi," alimwambia Violet mwishowe.

Miezi mitatu baadaye alikuwa amepiga magoti akitandika sakafu ya zahanati moja huko Kitangari, Violet alipopiga simu.

"Shikamoo, Mama Cecil."

"Marahaba, Sista."

"Wamefungua pale, wamekuta patupu kama ulivyosema. Wanataka kuandika jina lako kwenye taarifa yao."

"Waandike," alisema Paulina, mwiko mkononi. "Lakini kwanza wanitumie picha, nione wamerudishia nini."