Viatu Viwili vya Mguu wa Kushoto

Fundi wangu wa makochi tunamwita Sponji, kwa sababu kazi yake ni kushindilia sponji kwenye viti vya watu, na kwa sababu kichwa chake nacho kinanyonya kila anachoambiwa. Ana miaka thelathini na minane. Mimi nauza samani zilizotumika. Yeye anazivisha kitambaa kipya, mimi nazisifia. Tunaelewana.

Mwaka juzi mama yake alifariki, akaacha kwenye droo karatasi za kuasili mtoto pamoja na viatu vya kichanga. Hivyo ndivyo Sponji alivyojua kwamba aliyemnunulia sare za shule siye aliyemzaa. Akaja na viatu, akaviweka mezani kwangu. Mimi kitu kikiwekwa mbele yangu lazima nikigeuze. Nikavigeuza. Vyote viwili vya mguu wa kushoto.

"Shangazi, nataka nimwone aliyenizaa," akasema. "Hata mara moja. Akinifukuza, anifukuze nikiwa naijua sura yake."

Ningekuwa mimi, ningeanza kwa kunyamaza. Nikienda kununua kabati, neno kabati halinitoki mdomoni mpaka muuzaji alitaje mwenyewe. Sponji yeye akaenda redioni. Akamwaga yote hewani: mwaka, mwezi, wodi, blanketi la kijani lenye tundu pembeni lililoandikwa kwenye zile karatasi, sikio lake moja lililojikunja. Akaongeza, kwa akili zake zilezile, kwamba ana kazi nzuri na nyumba ya vyumba vitatu, na kwamba anapatikana dukani kwangu. Alipotaka kufika kwenye viatu, mtangazaji akamkata, akaweka tangazo la sabuni. Sabuni hiyo naitumia mpaka leo kwa shukrani.

Kufika Ijumaa, Sponji alikuwa na mama saba. Hongera zake. Wote walilijua blanketi. Mmoja alikuja nalo kabisa, jipya, lebo inaning'inia. Mwingine kwa macho yangu alikuwa mdogo kuliko Sponji, ila kwa kulia aliwashinda wote.

"Mwanangu! Hilo sikio ni la baba yako!"

"Mama, umeshika la kulia," nikamwambia. "Lililojikunja ni la huku."

"Machozi yamenizuia kuona."

"Pole. Yafute, halafu utuambie mtoto alivaa nini miguuni."

"Miguuni? Si soksi!"

"Rangi gani?"

Akafikiri kidogo. "Kijani. Zilikuja na blanketi."

Nikamfungulia mlango kwa heshima zote.

"Shangazi, utawafukuza wote," Sponji akalalamika, "kumbe wangu yumo humohumo."

"Akiwemo, atajua viatu. Na wewe, habari ya viatu ufunge mdomo."

Katika msafara huo wa akina mama, kulikuwa na mteja mmoja wa kawaida, mama wa makamo mwenye mkoba mweusi. Jumatatu aliulizia stuli. Jumatano akaulizia meza. Alhamisi akaja tena, akapapasa kila kitu dukani, droo kwa droo, na kona moja tu hakuitupia jicho: ile ambako Sponji alikuwa ameinamia kochi akigonga misumari. Nimeuza samani miaka ishirini na sita. Kitu asichokitazama mtu kabisa, ndicho alichokuja kukitaka.

"Dada, leo mara ya tatu," nikasema. "Unataka nini hasa?"

"Kiti."

"Kipi?"

Akaonyesha kilichokuwa karibu. Kilikuwa hakina hata pa kukalia, fremu tupu. Nikamtajia bei ya kukomoa, ili nimwone.

"Sawa," akasema.

Sawa! Hakuomba hata nimpunguzie. Nikaanza kumshuku hapohapo.

"Redio ulisikiliza?"

"Nilisikiliza. Sikuja kwa hilo."

"Haya. Yule mtoto alivaa nini miguuni?"

"Mama, wewe unauza viti au unauliza maswali?"

"Vyote."

Akaufunga mkoba, akaufungua tena. "Viatu. Nilivinunua mlangoni mwa hospitali, nikiwa na haraka. Nilipofika ndani nikaona vyote ni vya kushoto. Muuzaji aliniapia kwamba mtoto akianza kutembea vitakaa sawa."

Uongo wa biashara nimeusikia na nimeusema. Kwa huo, muuzaji huyo namvulia kofia.

Nyundo ikanyamaza. Sponji akasimama, na kwa bahati yake nzuri mdomo ulikuwa umejaa misumari, maana mafundi wa makochi huibana midomoni ili mikono iwe huru. Mtu kamtafuta mama yake mwaka mzima, siku ya kumpata anaitema misumari kiganjani mmoja mmoja.

Yule mama hakulia. Alitazama chini, miguuni pake.

"Nilitaka tu kuona kama anatembea sawa," akaniambia mimi, akaelekea mlangoni.

"Mama!" Sponji akaita, na msumari wa mwisho ukaanguka sakafuni. Kisha akasema kile ambacho kila fundi husema akibanwa. "Kiti chako... hakijawa tayari. Njoo Jumamosi."

Akaja Jumamosi. Kilikuwa bado. Akaja Jumamosi iliyofuata, kitambaa kilikuwa kimekosewa, kumbe Sponji mwenyewe alikifumua Ijumaa, nilimwona. Huu ni mwezi wa tano wa Jumamosi hizo. Anakuja, anakaa kwenye kochi langu la kuuzwa, anaulizia kiti chake, anaambiwa wiki ijayo, anajibu sawa.

Mimi nimeshakata tamaa ya kukiuza.